Tarumbeta la Sukari

Kabla ya adhana ya alfajiri, Luku ya nyumba ya pili, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ilianza kulia. Ulikuwa mlio mdogo, mkali, wa kukata na kurudi, kama kifaranga aliyesahauliwa nje. Sajenti Severa aliusikia kupitia ukuta, maana nyumba za mtaa ule wa Kariakoo zimeegemeana mabega. Akajivutia shuka. Luku ikalia, ikalia, kisha ikanyamaza, na pamoja nayo ukakoma mvumo wa feni uliokuwa ukisikika usiku kucha kutoka chumba cha mbele cha Mzee Kitwana.

"Umeme umewaishia," Severa alisema peke yake gizani, akalala tena. Ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Aliyemwamsha baadaye, jua likiwa limeshachomoza, ni Nurdin, kwa ngumi za mlangoni. Nurdin ni mwana mkubwa wa Mzee Kitwana, muuza vitenge wa jumla, na siku zote ni mtu wa kukusalimia mara mbili. Asubuhi hiyo hakusalimia hata mara moja.

"Afande! Afande Severa, toka! Mwizi tunaye."

Severa alijifunga kitenge juu ya gauni la kulalia, akavaa malapa, akamfuata.

Katika chumba cha mbele, juu ya meza, palikuwa na keki. Severa alisimama akaitazama kwanza, kwa sababu ilistahili. Tabaka la chini lilikuwa ngoma kubwa ya bendi, jekundu, lenye kamba nyeupe zilizopishana ubavuni kama za ngoma ya kweli. Tabaka la juu lilikuwa jeupe, limezungushwa mistari myembamba na noti nyeusi za muziki. Kando yake, juu ya sinia lililotandikwa karatasi, vilipangwa vijiti vya ngoma, matoazi mawili na tarumbeta moja refu kama mkono wa mtoto, rangi ya fedha. Vyote vilikuwa vya fondanti, ile sukari ya unga inayokandwa mpaka iwe laini kama udongo wa mfinyanzi. Anayeijua anaitoa umbo lolote. Asiyeijua inamtoa jasho.

Aliyeijua alikuwa ameketi kwenye kigoda, aproni kifuani, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Jina lake Paskalina, mpishi wa keki, mwenye chumba cha biashara upande wa Msimbazi. Begi lake lilikuwa limemwagwa sakafuni: brashi, vikata umbo, kikopo cha poda ya fedha inayolika, kisukumio cha chapati. Hakuna aliyekuwa amempa hata maji, mpaka Bibi Mgeni, mke wa Mzee Kitwana, alipoingia na glasi. Aliishika kwa viganja viwili, kwa uangalifu, kwa kuwa kisukari kilishamtia ganzi vidole.

"Kunywa, mwanangu," Bibi Mgeni alisema. "Hata mshitakiwa ana koo."

Nurdin alikuwa ameshika kisu cha kukatia keki, kile chenye utepe. "Kidomo cha tarumbeta la baba kiko humu ndani, Afande. Alikizamisha kwenye keki, akitoka nacho nani atajua? Mimi napasua."

"Weka kisu."

"Unamtetea kwa kuwa wa kwenu Kilimanjaro?"

"Naitetea keki," Severa alisema. "Bado haijahojiwa."

Nurdin aliweka kisu, ingawa hakukiweka mbali.

Mzee Kitwana alikuwa kwenye mkeka, miguu ameikunja, mbele yake kasha dogo la mbao lenye bitana ya mahameli. Lilikuwa tupu. Severa alichuchumaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umetukuta na aibu."

"Nieleze toka mwanzo, kama vile mimi si jirani."

Mzee alieleza. Kidomo ni kile kipande cha tarumbeta ambacho mpigaji hukiweka midomoni. Bila hicho, tarumbeta ni bomba tu. Chake yeye alipewa na mwalimu wake kule Lindi, akaja nacho mjini, na kwa kidomo hicho amesindikiza mabibi harusi wa Kariakoo na Upanga hata wengine sasa wana wajukuu. Leo alasiri, ukumbini karibu na Mnazi Mmoja, angepiga mara ya mwisho mbele ya watu, kisha angemkabidhi kijana wake wa bendi, Adamu. Keki ilikuwa ya shughuli hiyo.

"Na mpishi wa keki alikuja kufanyia kazi hapa kwa nini, badala ya kwake?"

"Kwa ajili yangu. Alitaka kukitazama kidomo ili atengeneze mfano wake wa sukari. Nikamwambia hakitoki nje ya nyumba hii ila mkononi mwangu. Akasema, basi nitakuja mimi. Hakununa hata kidogo."

"Mara ya mwisho kukiona kwa macho yako?"

"Jana jioni, kwenye sinia lake. Leo nimefungua kasha baada ya yeye kufika, nikakuta hivi."

Severa alimgeukia Paskalina. Swali lilikuwa lilelile.

"Jana jioni, dada," Paskalina alisema. Sauti ilikuwa chini lakini haikutetemeka. "Nilimaliza kutengeneza kifano chake, kidomo cha sukari, nikakipaka fedha. Vitu vyenye duara kama hivyo haviwezi kulazwa vikakauka, vinabonyea. Nikamwomba bibi mchele kwenye sinia, nikavisimamisha humo, mikia chini, cha kweli na cha sukari pamoja na vile vingine. Feni ikivipulizia. Nikaenda kulala kwangu."

"Mbona hukukirudisha cha kweli kwenye kasha?"

"Nilikuwa nakilinganisha rangi mpaka mwisho. Nikamwambia bibi, tafadhali nirudishie kwenye kasha."

"Na aliuliza!" Nurdin aliingilia. "Aliuliza kama ni fedha tupu! Mtu mwema anauliza hivyo?"

"Anayetaka kuiga rangi anauliza hivyo," Severa alisema. "Wewe hujauliza kitenge kimetiwa rangi gani?"

Nurdin alikigusa tena kile kisu. Halafu akasema, kwa sauti ya mfanyabiashara anayetoa bei ya mwisho, "Gari la bendi, lile kirikuu, likifika hapa, kidomo hakijaonekana, nakata keki vipande vipande, na huyu nampeleka kituoni. Mtaa mzima uone."

Paskalina alitazama mikono yake. "Akinipitisha hapo nje hivyo, dada, sitapewa tena hata keki ya ubatizo. Kariakoo habari hufika kabla ya mtu."

"Endelea na kazi," Severa alimwambia.

"Kazi?"

"Keki ina jasho. Naiona kutoka hapa."

Ilikuwa kweli. Feni iliposimama alfajiri, joto la Dar liliingia kwenye sukari, na kamba nyeupe za ngoma zilianza kung'aa kwa unyevu. Paskalina alinyanyuka. Akanawa, akachukua brashi kavu na unga mweupe, akaanza kuzipapasa kamba zile moja moja, kama anayemfuta mtoto homa. Vidole vilivyokuwa vikijikunja mapajani sasa vilitulia.

Severa alimwita Bibi Mgeni ukumbini, kwenye ule ukumbi mwembamba wa katikati ya nyumba.

"Bibi, kidomo ulikirudisha?"

"Nilikirudisha. Kwa mikono yangu hii. Nilikitwaa, nikakifunga kwenye kitambaa chake, nikakilaza kwenye kasha."

"Ulikiona?"

"Nilikiona, ndiyo."

"Saa ngapi hiyo, bibi? Jioni?"

"Ah, jioni nilipitiwa. Alfajiri. Luku ilinitoa usingizini kwa kelele, umeme ukakatika, nikasema masikini, feni imezima, kazi ya mtoto wa watu itaharibika. Nikalisogeza sinia kutoka mezani mpaka dirishani, lipate hewa. Ndipo nikakumbuka kidomo."

"Taa uliwasha ipi?"

Bibi Mgeni aligeuka kuitazama swichi ya ukutani.

"Simu yako ilikuwa na tochi?"

"Simu haikuwa na chaji." Aliinua viganja vyake, akavitazama. "Mikono yangu inakijua, Severa. Miaka yote nakifunga mimi."

"Najua, bibi." Severa alivishika viganja vile kidogo, akaviachia.

Alirudi chumbani, akaliinua kasha, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Mahameli ilikuwa nyeusi, kuukuu. Kwenye kona ya bitana, mstari mwembamba ulikuwa ukitembea. Sisimizi. Walitokea kwenye ufa wa kona, wakazunguka pale katikati palipokuwa na shimo la kidomo, wakarudi.

"Mzee, huwa unakula karanga za sukari karibu na kasha hili?"

"Mimi? Hata chai simwagi karibu yake."

"Sisimizi hawali fedha," Severa alisema.

Severa alikwenda kwenye sinia la karatasi, akainama juu ya tarumbeta la sukari. Alilitazama kutoka kwenye domo pana la mbele mpaka kwenye ncha ya nyuma. Ncha ile ilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa tupu.

"Paskalina. Kifano chako kiko wapi?"

Paskalina aligeuka na brashi mkononi. "Si kipo hapo na vingine?" Akaja, akapekua vijiti, akapekua matoazi. Uso ulimbadilika. "Hakipo. Nilipofika tu, mzee akafungua kasha, kelele zikaanza. Sijakitafuta."

"Hakuna aliyekitafuta," Severa alisema. "Nyumba nzima inatafuta kidomo kimoja. Vimepotea viwili. Nurdin, mwizi wa fedha anachukua na sukari ya nini?"

Nurdin alikuna kidevu. "Labda ya chai."

Mtu alicheka mlangoni. Alikuwa Violeth, jirani, mpishi wa shughuli zote za mtaa, amejifunga kanga mbili na kunukia kitunguu. Alikuwa amekuja kuomba chumvi, akakaa kusikiliza.

"Mie sisemi kitu," alisema Violeth, na kila mtu alijua atasema. "Ila alfajiri nilipokuwa nakuja kuwasha jiko, nilimwona Adamu anatoka humu ndani. Ananyata kama aliyekula futari mchana."

Macho yote yalihamia kibarazani. Adamu alikuwa huko tangu asubuhi, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ndevu fupi, sare nyeupe ya bendi tayari mwilini. Severa alikumbuka kwamba tangu afike hapo, wengine wote walikuwa wameongea isipokuwa Adamu.

Nurdin aliruka. "Adamu! Wewe? Mrithi mwenyewe? Hukuweza kusubiri mpaka alasiri?"

"Mwacheni aingie," Severa alisema. "Adamu, kaa. Alfajiri ulikuja kufanya nini?"

Adamu alimtazama Mzee Kitwana, akatazama chini. "Siwezi kusema, Afande."

"Ona!" Nurdin alisema.

"Huwezi, au hutakiwi?"

Aliyejibu ni Mzee Kitwana, taratibu, kama anayekumbuka wimbo. "Hatakiwi. Umeuliza vizuri, binti. Kwenye matarumbeta yetu, siku ya shughuli kubwa, mwanafunzi anakuja alfajiri kuosha kidomo cha mwalimu wake. Haombwi, na akishaosha hasemi, wala aliyemfungulia mlango hasemi. Akisema, imekuwa deni. Nami nilimwoshea mwalimu wangu hivyo." Aliinua uso. "Adamu, leo nakufungua mdomo. Sema."

Adamu alishusha pumzi ndefu.

"Bibi alinifungulia mlango. Kulikuwa giza. Nikachukua kasha, nikamimina maji ya moto ya chupa kwenye kikombe, nikakamulia ndimu, kama kawaida yetu. Kidomo hatukigusi kwa vidole, tunakitelezesha kutoka kwenye kitambaa. Nikakitumbukiza, nikaenda kuswali. Niliporudi…" Alivuta ukosi wa sare. "Kikombe kilikuwa na maji tu. Kidomo hamna. Nikadhani bibi amekitoa. Kisha nikasikia mzee analia, Nurdin anamshika huyu dada. Niliogopa, Afande. Nilijua nikifungua mdomo, aliyekishika mara ya mwisho ni mimi."

"Ukamwacha dada wa watu amwagiwe begi."

"Ndiyo." Alimgeukia Paskalina. "Nisamehe, dada. Sikulala nikiwaza leo nitasimama wapi ukumbini, na asubuhi nimeshindwa kusimama hapa."

"Kilikuwa na uzito wake?" Severa aliuliza.

Adamu alifikiri. "Nilikiona chepesi. Nikadhani ni furaha."

"Kikombe kiko wapi?"

Kilikuwa bado uani, kwenye kizingiti cha dirisha la jiko, nyuma ya ndoo. Sisimizi walishakizingira mdomo wote. Severa aliwapuliza, akakiinua kwenye jua. Maji yalikuwa ya kijivujivu, na chini yametulia mavumbi ya fedha yanayometameta. Akachovya kidole, akaonja.

"Afande!" Nurdin alishtuka.

"Sharubati," Severa alisema. "Ndimu na sukari. Onja."

Nurdin alionja. Akaonja tena, asiamini ulimi wake. Paskalina alikuja na kikopo cha poda, akakiweka kando ya kikombe. Rangi ilikuwa moja.

"Kazi yangu ya jioni nzima," Paskalina alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu, "mmeinywa."

"Haijaibiwa, imeyeyuka," Severa alisema. "Alfajiri bibi alipapasa kwenye mchele, akakipata cha sukari, akakiweka kashani. Adamu akakikuta kashani, akakitia maji ya moto. Kila mmoja alikuwa anafanya wema, gizani. Sasa cha kweli hakikutoka kwenye mchele. Bibi, ulipolisogeza sinia mpaka dirishani, ulilibeba au ulilikokota?"

"Nililikokota. Zito lile."

"Likatikisika. Ukitikisa mchele, kilicho chepesi kinabaki juu na kilicho kizito kinazama. Ndiyo maana mkono wako ulikutana na kimoja tu. Ule mchele uko wapi?"

Violeth akajipiga paja.

"Mama yangu! Mchele niliuchukua mie! Bibi alisema wa kwenye sinia ni wa pilau, nikavihamishia vidude vya keki kwenye karatasi, nikaumwaga kwenye beseni na mwingine. Mwenzangu hivi sasa anautia sufuriani!"

Severa aliyaacha malapa hapohapo. Alikimbia peku mpaka kona ya ua, Nurdin nyuma yake, Adamu na sare yake nyeupe, Paskalina na brashi. Kwenye mafiga kulikuwa na sufuria kubwa, vitunguu vimeshageuka rangi ya kahawia, supu inachemka, na mwanamke mmoja ameinua beseni la mchele juu ya mvuke.

"Usimwage!"

Yule mama aliganda, beseni hewani. Adamu alilipokea kwa mikono miwili, akalishusha chini.

Violeth alileta ungo. Hakutaka mtu mwingine aushike. Walimwekea mchele kidogokidogo, naye akapepeta kwa mwendo ule wa wanawake wa shughuli, nyuma, mbele, pembeni, na majirani waliokwisha kujaa uani walisogea kuchungulia. Ungo wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili haukuwa na kitu. Nurdin alianza kuangalia upande wa barabarani, ambako honi ya kirikuu la bendi ilishaanza kusikika.

Ungo wa tatu, Violeth alipourusha, kitu kiligonga ukingo. Ngo.

Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Kidomo kilibingirika katikati ya ungo, kimepakwa unga wa mchele, kikasimama.

Vigelegele vilianza kwa Violeth, vikapokelewa na ua mzima, vikaruka ukuta mpaka nyumba za jirani ambako watu hawakujua habari yenyewe lakini waliitikia. Mzee Kitwana alikuja akishikwa mkono na mkewe. Alikichukua, akakifuta kwa kanzu, akakibusu. Bibi Mgeni alikuwa analia.

"Ni mimi," alisema. "Ni vidole vyangu hivi."

"Vidole vyako vilitaka kuokoa keki ya mtoto wa watu," Mzee alimwambia. "Nani atavilaumu?"

Nurdin alisimama mbele ya Paskalina. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na begi la Paskalina. Brashi zote zilirudi ndani, vikata umbo vimefutwa, kisukumio kimefungwa kwenye kitenge kipya chenye nembo ya duka bado. Akasimama kibarazani, mahali ambapo mtaa wote ungemsikia, na alikuwa na sauti ya sokoni.

"Jamani! Huyu ni Paskalina! Nilimwita mwizi, nimekosea mimi! Kidomo kimepatikana kwenye mchele wetu wenyewe! Mwenye harusi, mwenye ubatizo, mwenye maulidi, keki ni kwa huyu!"

"Maulidi na keki?" Violeth aliuliza.

"Nyamaza, nafanya biashara," Nurdin alisema, na watu wakaangua kicheko.

Kazi ilikuwa haijaisha, kwa kuwa tarumbeta la sukari bado halikuwa na kidomo. Paskalina alikata bonge la fondanti, akalikanda viganjani. Safari hii Mzee Kitwana alikaa karibu naye, amekishika cha kweli mbele ya macho yake, akikigeuza alipoambiwa geuza. Severa alishika taa ya simu, ingawa jua lilikuwa kali. Hakutaka tena kitu kifanyike gizani. Kidomo cha sukari kilizaliwa, kikapigwa brashi ya fedha, kikaingia kwenye tundu lake, na tarumbeta likapandishwa juu ya ngoma. Adamu ndiye aliyelitegemeza wakati linashika, hakuvuta pumzi mpaka alipoambiwa tayari.

Nje, vijana wa bendi walishapanda nyuma ya kirikuu. Ngoma kubwa ilipigwa mara moja, kujaribu. Watu wanne waliibeba keki kwa ubao mpaka kwenye gari jingine, na wenye maduka walitoka kuitazama ikipita.

Paskalina alivua aproni. Mzee Kitwana alimwita, akamwekea kasha mkononi, kidomo kikiwa ndani.

"Kishike wewe mpaka ukumbini."

"Mzee, si ulisema hakitoki ila mkononi mwako?"

"Ndiyo. Leo kitatoka mkononi mwako. Kaa kiti cha mbele, na kioo ushushe, wakuone."

Alikaa kiti cha mbele. Matarumbeta yalipiga, mtaa mzima ukageuka, na Severa, aliyekuwa bado peku, alimwona Paskalina akipita mbele ya maduka yote ya jirani, kasha limekaa mapajani, shingo imenyooka.

Lakini kabla gari halijaondoka, Bibi Mgeni alikuwa amelifikia dirisha. Aliweka viganja vyake viwili juu ya mkono wa Paskalina.

"Jumapili ukitoka kanisani pitia hapa, mwanangu," alisema. "Keki usilete. Begi usibebe. Uje tu, tukae, unitembelee tena."